Uzi: Namna ya kuchagua na kupima fataki za risasi za raifoli unazojaza mwenyewe

Mleta mada

Ndugu zangu, salaam.

Wanaojaza risasi kwa mkono huchambua baruti kwa kina na kupima vichwa vya risasi kimoja kimoja, lakini ikifika zamu ya fataki wengi huchukua iliyopo na kuendelea na kazi. Nafungua uzi huu kwa sababu sikubaliani na mazoea hayo, wala sikubaliani na mazoea ya upande wa pili, ya wale wanaopiga risasi tano za kila aina kisha wakatangaza mshindi. Msimamo wangu ni kwamba fataki huchaguliwa kwanza kwa kuangalia ganda, bunduki na baruti. Swali la ipi inayotoa mwendokasi usioyumba huja baadaye, nalo linahitaji risasi nyingi kuliko wengi wanavyodhani.

Fataki, au praima kama wengine wanavyoiita, ni kikombe kidogo cha shaba kilichotiwa dawa inayolipuka kwa kugongwa, na juu ya dawa hiyo hukaa fuawe, kipande cha metali chenye miguu midogo. Pini ya bunduki ikibonyeza kitako cha kikombe, dawa husagika kati ya kikombe na fuawe, hulipuka, na mwali wake hupita kwenye tundu la moto hadi kwenye baruti. Katika mfumo wa Boxer fuawe imo ndani ya fataki yenyewe, na ganda lina tundu moja katikati. Katika mfumo wa Berdan fuawe ni sehemu ya ganda, na matundu ya moto kwa kawaida ni mawili, yamekaa pembeni. Mifumo yote miwili ilipewa hataza mwaka 1866, mmoja kwa Edward Boxer wa Uingereza na mwingine kwa Hiram Berdan wa Marekani, ingawa baadaye Wamarekani ndio waliokumbatia wa Boxer, na majeshi mengi ya Ulaya yakakumbatia wa Berdan. Humu nazungumzia Boxer peke yake. Ukiokota maganda usiyoyajua, mulika ndani kwa tochi kabla ya kuyatia kwenye mashine, kwa maana pini ya kutolea fataki itavunjika au kupinda ikikutana na fuawe ya Berdan.

Kuhusu vipimo hakuna mjadala mrefu. Fataki kubwa ina kipenyo cha inchi 0.210 na ndogo inchi 0.175. Fataki kubwa ya bastola na kubwa ya raifoli zina kipenyo kimoja, lakini ya raifoli ni ndefu zaidi kwa takriban robo ya milimita, hivyo ya bastola ikiwekwa kwenye ganda la raifoli huzama mno na pini huigonga kwa unyonge. Fataki ndogo za bastola na za raifoli zinafanana kwa vipimo vya nje, na hapo ndipo penye hatari ya kweli, kwa sababu kikombe cha bastola ni chembamba na hakikutengenezwa kustahimili shinikizo la raifoli.

Unene wa kikombe ndilo jambo ninalotaka lisomwe kwa makini zaidi kuliko yote, kwa sababu hata ndani ya kundi la fataki ndogo za raifoli unene haulingani. Kwa mfano, katika fataki za kampuni ya CCI, CCI 400 ina kikombe cha takriban inchi 0.020, ilhali CCI 450, BR4 na namba 41 zina takriban inchi 0.025. Remington 6½ ilikusudiwa risasi za shinikizo dogo kama .22 Hornet, na kampuni yenyewe inatahadharisha isitumike kwenye .223, kwa kazi hiyo ipo 7½. Kikombe chembamba kikikutana na shinikizo la juu, pini hukitoboa, na gesi yenye moto mkali hurudi nyuma kupitia bolti, kipande kinachofunga chemba kwa nyuma, kuelekea usoni mwa mpigaji. Gesi hiyo hiyo huchimba vishimo kwenye uso wa bolti na kula ncha ya pini, na ncha iliyolika hutoboa fataki zinazofuata hata kama shinikizo lao ni la kawaida.

Bunduki yenyewe nayo ina kauli yake. Katika bunduki zinazojipakia zenye pini isiyozuiwa na springi, kama AR-15, M1 Garand na SKS, pini huteleza mbele kwa nguvu zake kila bolti inapofunga na kuigusa fataki. Ingiza risasi chemba kwa kuiachia bolti ifunge yenyewe, mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama, kisha itoe bila kuifyatua na uitazame kitako: utaona kidoa kidogo kinachong'aa katikati ya fataki, kama alama ya ncha ya sindano. Kidoa hicho ni cha kawaida. Fataki ikiwa nyepesi kushtuka, au ikiwa imesimama juu ya kitako cha ganda, mguso huo unaweza kuifyatua kabla hujagusa kifyatulio, pengine bolti ikiwa haijafunga sawasawa. Ndiyo sababu CCI hutengeneza namba 34 kwa kishimo kikubwa cha fataki (kishimo ni tundu la kitakoni mwa ganda linalobeba fataki) na namba 41 kwa kidogo, ambazo zinahitaji pigo zito zaidi.

Baruti ndiyo inayoamua kati ya fataki ya kawaida na ya magnamu, yaani yenye mwali wa nguvu zaidi, na jina lililoandikwa kwenye ganda lisikuongoze peke yake. Baruti ya chembe za duara huwa na mipako mizito ya kuchelewesha kuungua, kwa hiyo huhitaji mwali mkali au wa muda mrefu zaidi kuliko baruti nyingi za vijiti. Baruti nyingi ndani ya ganda kubwa, tuseme kuanzia greni 65 (takriban gramu 4.2) kwenda juu, nayo huwaka kwa utulivu zaidi ikipewa fataki yenye nguvu, na baridi kali huongeza hitaji hilo. Federal 215, inayojulikana sana katika kundi hili, ilibuniwa kwa ajili ya .378 Weatherby Magnum, risasi iliyotoka mwaka 1953 na ambayo ganda lake hubeba baruti nyingi kupita kiasi cha wakati ule. Lakini magnamu kwenye ganda dogo lenye baruti nyepesi kuwaka si faida. Inaweza kupandisha shinikizo, na inaweza kukisukuma kichwa cha risasi kabla baruti haijashika moto sawasawa, na hapo mwendokasi huanza kutangatanga.

Kwa hiyo ukibadilisha fataki, hata kutoka kampuni moja kwenda nyingine ndani ya daraja lile lile, rudi kwenye kiwango cha kuanzia kilichochapishwa katika mwongozo wa kampuni ya baruti au ya vichwa, kisha upande hatua kwa hatua. Mchanganyiko uliokuwa kwenye kilele cha shinikizo kwa fataki moja unaweza kuvuka mpaka kwa fataki nyingine. Kwa .308 Winchester kikomo cha SAAMI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya silaha na risasi, ni psi 62,000 (pauni kwa inchi ya mraba), kwa .223 Remington ni psi 55,000, na hakuna jicho linaloweza kuona tofauti ya psi 4,000 kwa kutazama ganda.

Kubandika fataki ni sehemu ya uchaguzi, kwa sababu fataki nzuri iliyobandikwa vibaya huonekana mbovu. Miguu ya fuawe lazima iguse sakafu ya kishimo na kuelemewa kidogo, na kitako cha fataki kiwe chini ya kitako cha ganda kwa takriban inchi 0.003 hadi 0.005. Isipofika chini, pigo la pini linatumika kuisukuma fataki badala ya kuifyatua, na mara nyingi inawaka kwa pigo la pili, jambo linalomfanya mtu ailaumu kampuni. Safisha masizi kishimoni, ondoa mbano wa kijeshi (ukingo wa kishimo uliobanwa ili fataki isitoke) ikiwa maganda yanao, kisha bandika kwa kifaa cha mkono kinachokuruhusu kuhisi miguu inapogota. Pitisha kidole juu ya kila ganda baada ya hapo; ncha ya kidole hugundua fataki iliyoinuka haraka kuliko macho. Vaa miwani ya kinga katika hatua hii, na usimwage fataki zote kwenye chupa au kopo: moja ikilipuka ndani ya chombo, nyingine zote hulipuka nayo. Zibaki kwenye trei zake za kiwandani, mahali pakavu na penye ubaridi.

Sasa kipimo chenyewe. Chagua aina mbili au tatu ambazo tayari zimepita masharti ya hapo juu, usizidishe. Tumia maganda ya toleo moja yaliyopigwa idadi sawa ya mara, baruti ya kopo moja iliyopimwa kwa mizani ya uhakika, vichwa vya boksi moja, na kina kimoja cha kuviketisha. Weka alama ya siri kwa kila aina, na mtu mwingine akupangie, ili usijue unapiga ipi. Kisha zipige kwa kupokezana: moja ya kwanza, moja ya pili, moja ya tatu, halafu rudia. Ukimaliza kwanza zote za aina ya kwanza ndipo uhamie ya pili, mtutu utakuwa umepata joto na uchafu zaidi, na tofauti utakayoiona kwenye kronografu, kifaa cha kupima mwendokasi wa risasi, huenda ikawa ya mtutu na si ya fataki. Kronografu inayofungwa kwenye mtutu hupima mwendokasi vizuri, lakini uzito wake unaweza kuhamisha mahali risasi zinapogonga, kwa hiyo usipime makundi ya matundu kwenye shabaha kwa wakati huo huo. Ya rada haina tatizo hilo.

Kuhusu idadi, wastani wa mwendokasi hutulia mapema, lakini mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha namna mwendokasi unavyotawanyika kuzunguka wastani, hutulia polepole sana. Kwa risasi 10 za kila aina, mkengeuko mmoja unatakiwa uwe takriban mara mbili ya mwingine ndipo uamini kwa kiwango cha asilimia 95 kwamba tofauti ni ya kweli. Kwa risasi 30 za kila aina unahitaji uwiano wa takriban 1.45. Fataki mbili zinazofaa kwa baruti yako mara chache hutofautiana kiasi hicho.

Mchangiaji wa 2

Mkuu, ahsante kwa mada. Mimi nilipiga risasi tano za fataki ya kawaida nikapata mkengeuko wa mita 7 kwa sekunde, na tano za fataki ya mashindano nikapata mita 4. Tofauti hiyo nimeiona kwa macho yangu kwenye kronografu. Je, unaniambia haipo?

Mleta mada

Ndugu, sikuambii haipo. Nakuambia namba zako hazitoshi kuionyesha. Kwa risasi tano, mkengeuko wa kweli unaweza kuwa popote kati ya takriban asilimia 60 na asilimia 287 ya ule uliopata. Mita 4 zako kwa hiyo zinaweza kusimamia chochote kati ya mita 2.4 na 11.5, na mita 7 zako chochote kati ya 4.2 na 20. Maeneo hayo mawili yanaingiliana kwa sehemu kubwa. Ukirudia kipimo hicho kesho kwa vifaa vile vile, ile ya kawaida inaweza kushinda, nawe ungeiamini vile vile.

Vivyo hivyo usilinganishe tofauti kati ya risasi ya kasi zaidi na ya polepole zaidi ikiwa idadi hazilingani. Tofauti hiyo hukua kadiri unavyopiga: kwa risasi 5 huwa wastani wa mara 2.3 ya mkengeuko sanifu, kwa 10 mara 3.1, kwa 20 mara 3.7. Mwenye risasi tatu kwa kawaida ataonekana bora kuliko mwenye ishirini.

Habari njema ni kwamba huhitaji kupiga zote siku moja. Hifadhi kumbukumbu za kila mara uendapo uwanjani. Kwa kila aina na kila siku, toa wastani wa siku hiyo kutoka kwa kila mwendokasi, kisha unganisha mabaki ya siku zote. Hapo tofauti za hali ya hewa zinaondoka, unabaki na mtawanyiko peke yake, na idadi yako inakua bila gharama ya ziada.

Mchangiaji wa 3

Naomba kuuliza kuhusu kusoma fataki zilizotumika. Nilijaza kiwango kidogo, karibu na chini kabisa ya mwongozo, lakini fataki zimetoka bapa kabisa, kingo zake zimejaa kishimo chote. Shinikizo limetoka wapi?

Mleta mada

Huenda halikuwa shinikizo kubwa, na swali lako linaonyesha kwa nini siipi alama hii uzito mkubwa. Angalia umesukuma bega la ganda (mahali linapoanza kupungua kuelekea shingo) nyuma kiasi gani wakati wa kulirudisha umbo. Ganda likiwa na nafasi kubwa ndani ya chemba, mlipuko wa fataki hulisukuma ganda mbele, na fataki yenyewe hurudi nyuma mpaka kugota kwenye uso wa bolti, ikitoka nje ya kishimo kwa sehemu. Shinikizo likipanda, ganda hurudi nyuma na kuigandamiza fataki ambayo kingo zake sasa hazina ukuta wa kuzibana, ndipo inapokuwa bapa. Na ikiwa shinikizo ni dogo kiasi kwamba ganda halirudi nyuma kabisa, utakuta fataki imebaki imechomoza. Pima urefu wa bega kabla na baada ya kupiga. Kulisukuma nyuma kwa inchi 0.001 hadi 0.002 kunatosha kwa bunduki ya bolti.

Kwa upande mwingine, kikombe kigumu kinaweza kubaki na kingo nzuri za mviringo huku shinikizo limeshavuka kikomo. Kilima kidogo kinachozunguka alama ya pini nacho mara nyingi hutokana na tundu la pini kwenye bolti kuwa pana kuliko pini. Alama hizi ni za kulinganisha kwa fataki ile ile, bunduki ile ile, na risasi ya kiwandani kama kipimo. Bolti ikiwa nzito kuinua, alama ya kitoleo (kipande kinachosukuma ganda nje) kwenye kitako cha ganda, au mwendokasi unaozidi ule wa mwongozo kwa mtutu wa urefu kama wako, ni dalili ninazozichukulia kwa uzito zaidi, na zikitokea acha kupiga mchanganyiko huo.

Mchangiaji wa 4

Nina maganda ya .308 yenye kishimo kidogo cha fataki. Wakati wa joto yanafanya vizuri mno. Kwenye baridi kali baadhi ya risasi zinachelewa kuwaka, na chache hazikuwaka kabisa. Niache maganda haya?

Mleta mada

Usiyaache kabla ya kuchunguza. Kwanza usalama: pini ikigonga na risasi isilipuke, weka mtutu ukielekea shabaha kwa angalau nusu dakika kabla ya kufungua bolti, kwa sababu baruti inaweza kuwa inashika moto polepole.

Kisha linganisha kina cha alama ya pini kwenye fataki zilizogoma na zile zilizowaka. Alama ikiwa haina kina, lawama ni ya bunduki au ya ubandikaji: springi iliyochoka, grisi iliyoganda ndani ya bolti, au fataki isiyofika chini. Safisha bolti iwe kavu kabisa kisha urudie. Alama ikiwa na kina cha kutosha, fungua risasi iliyogoma kwa nyundo ya kutolea vichwa na utazame baruti, lakini kamwe usifanye hivyo ikiwa kichwa chake ni cha kulipuka au cha kuwaka. Baruti iliyoungana vipande na kubadilika rangi karibu na tundu la moto inaonyesha kwamba fataki ililipuka lakini mwali haukutosha. Kundi hili la maganda mara nyingi lina tundu la moto la milimita 1.5 badala ya 2.0 za kawaida, na fataki ndogo ina dawa kidogo. Jaribu fataki ndogo ya magnamu kama CCI 450, ukianzia tena chini, au tumia baruti iliyo nyepesi zaidi kuwaka. Ikiwa matumizi yako makuu ni ya baridi kali, kishimo kikubwa ni chaguo la busara zaidi.

Neno moja la tahadhari kwa wote wanaopima fataki peke yake ndani ya ganda tupu ili kuijaribu pini: ganda hilo bega lake litakuwa limesukumwa nyuma, kwa sababu hakukuwa na shinikizo la kulirudisha. Litenge, usilijaze kama mengine.

Mchangiaji wa 5

Mimi ni mwindaji na sipigi zaidi ya mita 200. Naona hesabu hizi ni za watu wa mashindano.

Mleta mada

Kuhusu mkengeuko nakubaliana nawe. Kwa risasi inayotoka kwa takriban mita 800 kwa sekunde, tofauti ya mita 10 kwa sekunde huhamisha pigo kwa karibu milimita 2 ukiwa mita 100, ilhali ukiwa mita 900 ni zaidi ya robo ya mita. Wewe hulihitaji jambo hilo. Unachohitaji ni fataki isiyogoma, na hilo linapimwa kwa namna nyingine: ziache risasi zilale ndani ya bunduki kwenye baridi halisi utakayowindia, uzipige zikiwa na baridi hiyo, na usikilize kama kuna hata moja iliyochelewa. Sehemu za unene wa kikombe, kina cha kubandika na kurudi chini unapobadilisha fataki zinakuhusu sawa na mtu wa mashindano.

Mchangiaji wa 2

Swali la mwisho, mkuu. Nikinunua fataki zile zile lakini toleo jipya, nianze upya kipimo chote?

Mleta mada

Si chote. Punguza kidogo kiwango cha baruti ikiwa ulikuwa karibu na kilele, piga risasi kumi za toleo jipya kwa kupokezana na kumi za zamani, ulinganishe wastani. Kwa mkengeuko wa mita 5 kwa sekunde, tofauti ya wastani isiyozidi mita 4 haikuambii chochote, nawe unaweza kuendelea. Ikizidi hapo, rekebisha baruti mpaka wastani urudi, kisha uthibitishe tena mahali risasi zinapogonga. Andika namba ya toleo la fataki kwenye kibandiko cha kila boksi la risasi ulizojaza, pamoja na la baruti, na ubakishe trei moja ya toleo la zamani kwa ajili ya ulinganisho huo.